Moto wa Safari ya Tandala

Sijasema moto ndio uliompoteza baba. Hayo umeyasema wewe, dada, na nimekaa nayo tangu saa nane mchana mpaka yamenichosha. Nilichosema mimi ni kwamba nilimdanganya baba, mzee wa watu, akaniamini, akabeba kosa lisilo lake miaka kumi na tatu. Moto ni habari nyingine.

Lakini huyu dada Mkenya wa nyumba ya pili akishika jambo haliachi. Tulikuwa nyuma ya ukuta, kwenye mapipa ya taka, ndipo mahali petu pa kuongea kila Ijumaa waajiri wakiwa wamejilaza baada ya chakula. Akashika kiuno akaniangalia kama mtu anayeangalia nguo iliyopigwa pasi vibaya.

"Ai, wewe nawe. Kwani hiyo moto ilikuwa taa ya airport? Baba yako alipotea juu ya vile msitu ni kubwa. Wacha kujisumbua. Na hiyo kitu ya Sir, si uiweke tu chini ya sofa waipate wenyewe, khalas. Usijiingize kwa mambo ya watu."

Akamwaga taka zake, akaingia ndani. Sina mtu mwingine wa kubishana naye hapa Al Warqa, mtaa wa ugenini nilikokuja kufanya kazi za ndani. Kwa hiyo namalizia ubishi kwenye daftari, na wewe rafiki unayesoma ndiye utakayeamua. Mimi sina subira ya kueleza mambo polepole, ila hili nitajitahidi.

Yote yalianzia mezani. Sir, mwenye nyumba ninayofanya kazi, ni Mmarekani, yuko kwenye kampuni moja ya mizigo upande wa uwanja wa ndege. Tangu kabla ya joto kali meza yake ya kulia imefunikwa ramani, mpaka tunakulia jikoni. Anakwenda kuwinda kwao, ila si kwenye jimbo lake. Ni mara yake ya kwanza kuwinda jimbo la watu wengine, na kibali kimetoka kwa bahati nasibu baada ya kuomba miaka na miaka. Mnyama mwenyewe ni kulungu wa huko, mkubwa, masikio kama ya punda. Siku moja nimempelekea kahawa, akaanza kunionyesha bila mimi kuuliza. Penye njano ni ardhi ya serikali, yeyote mwenye kibali anaingia. Penye weupe ni pa watu, ukikanyaga umekosa. Na pale penye mistari ni mashamba ya watu waliokubali wawindaji wapite, unaandika jina lako getini unaendelea. Akaniuliza kama nimeelewa. Nikasema yes, sir, nikaondoka na kikombe cha jana.

Nilikuwa nimeelewa kuliko alivyofikiri. Hiyo njano yake sisi tunaiita eneo la wazi. Ulimi uliniwasha nimwambie, lakini hapa mtu haulizwi, na usipoulizwa unazoea kunyamaza mpaka sauti yako mwenyewe inakushtua ukiisikia kwenye simu.

Binti wa Sir na madam ana miaka kumi. Ile njano nyingine kaipaka yeye kwa penseli zake, kapiga magoti juu ya kiti, ulimi nje. "Hapa tutalala. Hapa tutapika." Kila akisema hivyo baba yake anatabasamu, anamjibu tutaona. Neno hilo nalijua. Juzi Jumatano akaambiwa kwamba haendi, kibali ni cha mtu mmoja, Sir atakwenda na ndugu yake mwenye kibali chake. Mtoto hakulia. Alikusanya penseli moja moja akapanda juu. Na jana dira ya Sir ikapotea, dira ya shaba ambayo ilikuwa ya baba yake mzazi. Wamepindua nyumba nzima. Madam ameniuliza mara mbili kama sijaiona, mara ya pili kwa sauti laini sana, na wewe ukishafanya kazi kwenye nyumba za watu unajua sauti laini ile inamaanisha nini. Leo asubuhi natenganisha nguo za kufua nikaikuta ndani ya soksi ya mtoto, imeviringishwa vizuri. Sir anaondoka kesho jioni. Dira iko hapa chini ya mto wangu ninavyoandika, na nikitikisika inatikisika.

Ndiyo hiyo kitu ya Sir. Sasa ya baba.

Kwetu ni Usukumani, upande wa Shinyanga, nchi ya pamba na ng'ombe, miti yake ilikwisha siku nyingi. Nilipokuwa darasa la tano, ukisema umeona mnyama basi umeona sungura. Babu, baba yake baba, alikuwa mwindaji wa kweli enzi ambazo pori lilifika mpaka nyuma ya zizi. Alimwachia baba bunduki moja yenye kitako kilichofungwa waya, pamoja na karatasi zake halali, na sifa kubwa ambayo baba hakujua aiweke wapi. Maana baba alikuwa fundi baiskeli, ana kibanda cha mabati karibu na mnada. Bunduki aliipangusa kila Jumapili kwa mafuta yale yale ya mnyororo. Binti wa Sir akiacha baiskeli yake kwenye baraza na jua likaipiga, ile harufu inanijia na ninasimama na ufagio mkononi kama mtu aliyesahau alichotumwa.

Watu walimtania. Jirani yetu, mama mmoja wa kuuza maziwa, alikuwa hapiti kibandani bila kutupa neno. "Babu aliwinda pofu wenye pembe, mtoto anawinda spoku." Baba anacheka, anaendelea kugonga. Lakini mimi nilikuwa namshikia gurudumu, na nilikuwa naona mkono ukisimama kidogo kabla ya kugonga tena.

Mwaka ule mvua zilipokatika akatuambia mimi na bibi kwamba amekata shauri. Atakwenda mkoa wa Tabora, kwenye miombo, ambako hajawahi kukanyaga, akawinde tandala mmoja. Mara moja tu maishani, kwa kibali, mchana kweupe, arudi na nyama ya kugawa mpaka kwa mama wa maziwa. Nikauliza nani atakwenda naye. Mama yangu alifariki nikiwa sijaota meno, nyumba ilikuwa ya watu watatu, mimi, yeye na bibi. Akasema, "Tutakwenda wote, mama. Safari bila karani ni mzururo." Aliniita mama kwa kuwa nilipewa jina la bibi, mama yake mzazi.

Basi nikawa karani. Rafiki yangu, sijapata kazi nyingine niliyoipenda hivyo, hata hii yenye mshahara. Nilichukua daftari la jiografia lililobaki nusu, nikaligeuza juu chini, nikaandika kwa mwandiko wa kupendeza walimu: michembe ya viazi vitamu debe moja. Chumvi ya kukaushia nyama. Madumu ya maji. Kamba za katani. Kiberiti ndani ya mfuko wa nailoni. Spoku za akiba, kiraka, gundi. Sahani mbili. Blanketi mbili. Kila kitu cha mtu niliandika viwili, na baba akija kukagua orodha anapitisha kidole kimoja kimoja, midomo inacheza, maana kusoma kwake kulikuwa kwa kuvuta, halafu anasema, "Endelea, karani."

Jioni zile zilikuwa za karanga za kukaanga na michembe iliyochemshwa, tamu kama imetiwa sukari, na bibi anapembua mtama hata kama macho yake yalishaanza kuingia ukungu. Anapembua kwa kusikiliza. Ungo ukisema vile anavyotaka anasimama. Baba anafagia mchanga kwa kiganja, anachora safari yetu kwa vyuma vya baiskeli. Mnyororo ndio mto. Nati ni vituo vya reli. Mpira wa ndani uliochanwa ndio msitu, na spoku mbili zilizopandana ni mahali tutakapolaza baiskeli. Kila jioni anachora upya, kila jioni msitu unakuwa mkubwa zaidi. Mimi napiga magoti kama yule mtoto wa Sir, naonyesha kwa kidole, hapa tutalala. Hapa tutapika.

Kibali kilituchukua nusu ya kiangazi. Barua ya serikali ya kijiji niliandika mimi, baba akaweka sahihi iliyomtoa jasho. Halafu tukangoja, halafu akaja bwana nyama, yule ofisa wa wanyamapori wa wilaya, na pikipiki yake na kofia iliyochuja rangi. Alikuwa mtani wetu kwa kabila, kwa hiyo hakuna salamu iliyopita bila tusi.

"Ninyi Wasukuma nawajua. Ukimwona tandala usije ukamswaga mpaka nyumbani ukidhani ng'ombe."

"Nitamswaga mpaka kwako umkague meno," baba akamjibu. "Kazi yako si ndiyo hiyo?"

Akacheka mpaka akakaa. Akasoma orodha yangu yote. Akaeleza kwamba eneo la wazi linaishia mtoni, ng'ambo ni pori la akiba, "na ukivuka huo mto mimi sikujui na wewe hunijui." Tandala dume mmoja, jike hapana. Halafu akagonga kidole kwenye karatasi. Mtu mmoja. Nikaandika: mtu mmoja. Baba akasema, "Na karani wangu?" Bwana nyama akaniangalia, akaangalia zile sahani mbili na blanketi mbili, akapiga pikipiki teke. Baba akasema tutaona.

Mimi nilisikia ndiyo. Mtoto akitaka kitu, tutaona ni ndiyo iliyochelewa tu.

Sasa nieleze moto, maana huyu dada anadhani ni uchawi. Si uchawi. Kwetu mwindaji akitoka, moto wa jikoni kwake haulali. Mwanamke wa nyumba anaulinda. Mchana unapika, usiku unaufunika na majivu, gogo linabaki linapumua, asubuhi unaupuliza. Hauombwi nyumba nyingine, na hugombani na mtu mbele yake. Bibi alikuwa akisema, "Mwindaji ana miguu miwili porini na wa tatu jikoni." Baba alipokuwa akitoka kutafuta kanga hapo karibu, ni bibi aliyekaa na moto. Nikajua na safari hii ni yeye. Sikuuliza. Nilikuwa naona jinsi anavyopapasa jiwe la jiko kabla ya kuweka chungu, nilikuwa naona alivyoungua vidole mara mbili mwezi ule, na bado sikuuliza, kwa sababu jibu lilikuwa wazi na mimi sikulitaka.

Asubuhi ya safari niliamka jua limeshapiga ukuta. Nilikuwa nimelala na viatu. Uani hapakuwa na baiskeli, kuna alama ya gurudumu moja tu mchangani, imepita katikati ya ramani yetu, mnyororo umetupwa pembeni. Nikakimbilia ndani. Moto ulikuwa umewekwa gogo jipya, la mwisho kati ya kuni nzuri, gogo la wiki nzima. Mbele yake kulikuwa na daftari langu limefunguliwa ukurasa wa nyuma. Kaandika mwenyewe kwa herufi kubwa zinazopishana urefu, nafikiri ilimchukua muda kuliko kufunga mizigo yote: MAMA MOTO NI WAKO.

Blanketi moja ilikuwa imekunjwa juu ya kigoda. Sahani moja juu yake.

Nilichukua sufuria ya maji ya kuoshea vyombo nikamwaga yote. Usifikiri nilijisahau. Nilijua ninachofanya, nililenga katikati ya makaa. Moto ulilia, moshi mweupe ukajaa chumba, majivu yakanirukia miguuni yakiwa ya moto na mabichi kwa wakati mmoja. Na ninakwambia wewe kile ambacho sikumwambia hata dada: wakati ule nilitaka apotee. Si afe. Apotee tu kidogo, ajue.

Bibi alikuwa amekaa mlangoni. "Mke mwenzangu," akaniita, ndivyo walivyoitana mabibi na wajukuu wa kike, kwa masihara, "mbona moto umepiga chafya?"

"Uji umefurika, bibi."

Akavuta ugoro wake. Wala hapakuwa na uji. Alisogea kwa kupapasa mpaka jikoni, akainama juu ya majivu kama mtu anayenusa mchuzi, akainuka. "Majivu mabichi yananuka, hata kipofu anajua," akasema. Hakunipiga, hakupandisha sauti. Akanipa kigae cha chungu nikaombe makaa kwa jirani. Mama wa maziwa alinyanyua nyusi. "Moto wa mwindaji mmeuacha ukafa siku ya kwanza?" Nikamwambia umezimika wenyewe. Uongo wa pili, na jua halijafika utosini.

Basi nikaulinda ule moto wa kuazima. Jamani nililinda. Sikwenda shule siku tatu, nikasema tumbo. Nilipuliza mpaka kichwa kikazunguka. Baba alisema siku sita. Siku ya sita nilipika ugali wa watu watatu. Siku ya saba nikapika tena. Siku ya nane bibi akaacha kupembua, akawa anakaa tu amegeuzia uso njia ya reli, na mama wa maziwa alikuwa anapita bila kutupa neno, na hilo lilinitisha kuliko yote.

Alifika jioni ya siku ya tisa, anasukuma baiskeli, tairi la nyuma limefungwa magome ya mti. Midomo imepasuka. Alikuwa kama ameoshwa akapungua. Nyuma ya baiskeli kulikuwa na debe, madumu, gunia la chumvi halijafunguliwa. Mama wa maziwa alipomwona mzima, kwa furaha akarudi kwenye utani wake: "Mwindaji wa spoku karudi na spoku zake." Baba akacheka naye. Halafu akakaa chini hapo hapo uani, hakufika kwenye kigoda.

Alitusimulia. Asubuhi ya kwanza tu msituni alimwona dume, pembe zimejisokota hivi, masikio makubwa yanageuka moja moja, hili huku, hili kule. Hakupiga, alitaka amsogelee zaidi. Kasogea, dume nalo likasogea, mpaka jua likawa juu na hakujua baiskeli iko upande gani. Siku nne. Alikula michembe ya mfukoni, alikunywa palipochimbwa na nyani. Mwisho wakamkuta warina asali, wakamrudisha mpaka baiskeli ilipo, wakampa kipande cha masega kikiwa kimefungwa ndani ya gome. Alikuwa hajakigusa. Alikitoa akanipa mimi. "Ya karani," akasema.

Halafu akaniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anauliza mbuzi wamekunywa: "Moto ulikaaje, mama?"

"Uliwaka tu, baba."

Bibi alikohoa ugoro. Nilingoja aseme. Hakusema.

Baba akaangalia mikono yake. "Basi kosa ni langu. Mzee wangu hakupotea hata siku moja."

Hayo ndiyo maneno, dada. Angeambiwa moto ulizimwa, angepata pa kuweka ile aibu. Angenichapa, tungelia, wiki ijayo angechora ramani nyingine. Niambie moto haupotezi mtu, sawa, huenda ni kweli. Lakini yeye aliamini moto, na mimi nilimwambia moto uliwaka. Nilimwachia yeye mwenyewe tu wa kumlaumu. Kabla ya mvua aliipeleka bunduki polisi akaisalimisha, akarudi na karatasi yenye muhuri, akaikunja mara nne. Jumapili hazikuwa tena na harufu ya mafuta. Na mnyororo ukikatika alikuwa anautupa kwenye pipa kama mnyororo, hakuna mto tena.

Yale masega niliyala, kama unataka kujua. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Nilikula nikilia na yalikuwa matamu.

Bibi alikufa nikiwa kidato cha pili. Alikufa na siri yangu, na nilipokuwa namwogesha miguu siku za mwisho nilitaka kumuuliza kwa nini hakunisema, lakini nilikuwa na haraka, mimi kila siku nina haraka, nikafikiri nitamuuliza kesho. Jiko lake lilibomolewa, sasa baba anapikia mkaa. Mama wa maziwa alihamia kwa mwanawe. Na ule msitu, baba aliniambia mwaka jana, umekatwa sana, wanapanda tumbaku, magogo yanabebwa usiku na mchana, na bwana nyama wa sasa hana hata utani. Ukienda leo na kibali chako halali utakutana na visiki. Sijauona na hautanisubiri. Nilioujua mimi ni ule wa mpira wa ndani, na nikifumba macho naweza kukuonyesha mahali pa kulaza baiskeli.

Hapa jiko ni kioo cheusi. Unabonyeza, linakuwa jekundu bila moto, unabonyeza tena limekufa, wala halinuki. Hakuna cha kulinda. Wakishamaliza kula nafuta kioo, nazima taa, narudi kwenye chumba hiki cha nyuma chenye kitanda na mashine ya kufulia, nasikiliza ndege zinavyoshuka moja baada ya nyingine. Kila moja imejaa watu wanaokwenda nyumbani kwao. Kuna siku napitisha tangu asubuhi mpaka jioni sijasema zaidi ya yes madam. Baba nampigia mwisho wa mwezi. Tunaongea mvua, tunaongea bei ya spoku, ananiuliza, "Unakula lakini, mama?" Kadi inaisha. Miaka miwili sasa, na ile sentensi moja kuhusu moto bado sijamwambia.

Dada anasema weka chini ya sofa. Ni akili nzuri, ndivyo ningefanya mwezi uliopita. Sir atafurahi, madam atarudisha sauti yake ya kawaida, mimi nitakuwa salama. Na mtoto? Mtoto atajua kwamba kuna mtu aliona, na aliyeona akanyamaza. Nimeishi hivyo na bibi. Nilidhani ni huruma, na pengine alidhani hivyo na yeye. Lakini nilikaa kwenye ule moto wa kuazima peke yangu, na mpaka leo sijainuka.

Ila siwezi kwenda kumwambia mtoto wa watu akakiri, wakati mimi mwenyewe sijakiri. Atanitazama kwa macho yale ya bluu na nitashindwa kumaliza sentensi.

Kwa hiyo nimeshaamua. Kesho Jumamosi hapa wanalala mpaka saa tatu. Baba anaamka na jua, anachukua simu niliyomtumia, anapanda juu ya kichuguu cha nyuma ya nyumba, maana hapo ndipo mtandao unaposhika, anakaa kidogo kama kuna mtu atampigia. Najua anafanya hivyo kila siku kwa sababu jirani wa sasa ameniambia, yeye hajawahi kuniambia. Saa kumi na mbili za kule ni saa moja za hapa. Saa moja nitatoka kwa mlango wa nyuma na kadi mpya, nitasimama pale kwenye mapipa. Nitamwamkia shikamoo, nitamwacha amalize habari za mvua, sitamkatiza hata mara moja. Halafu nitamwambia, baba, ule moto haukuwaka, niliuzima mimi kwa maji ya vyombo, wewe hukukosea. Nikishasikia atakachosema, chochote, nitapanda juu nikagonge mlango wa mtoto, dira ikiwa mkononi, ndani ya soksi yake.